Tamasha Lipite Kwanza

Nilimjua Demetria kwa sauti kabla sijamwona sura. Siku niliyoripoti chuoni, baba alinishusha na mabegi yangu mbele ya bweni la wasichana, akageuza gari kurudi dukani, nami nikapanda ngazi peke yangu. Kwenye korido ya ghorofa ya pili nikasikia mtu anaimba. Hakuwa akiimba kwa nguvu. Alikuwa anafua mashuka kwenye karo la mwisho, amewapa watu mgongo, na wasichana waliokuja kuchota maji walikuwa wamesimama tu, ndoo zimejaa zinamwagika, hakuna anayefunga bomba.

Nilipofungua mlango wa chumba nilichopangiwa nikakuta kitanda kimoja kimeshatandikwa, Biblia iko juu ya mto. Baadaye kidogo yule mfuaji akaingia na beseni lake.

"Wewe ndiye Maisa? Nimeona jina lako mlangoni. Mie Demetria. Unakoroma?"

"Sijui," nikamjibu.

"Basi tutajua wote usiku."

Tukakaa chumba kile miaka yote mitatu. Chuo chetu kiko mbele ya Kibamba, ukishapita maduka ya tofali na mageti ya mbao, mahali ambapo watu wa mjini wanakuuliza kama bado ni Dar. Mie ni mtoto wa duka. Nyumbani ni Boko, baba yangu, mzee Abdulhadi, anauza vifaa vya ujenzi, na kabla yake babu aliuza vitambaa Kinondoni. Demetria alitokea Kinyerezi. Mama yake, Mwalimu Rosalia, alikuja kutoka Bukoba akiwa msichana, akafundisha shule za msingi, akafiwa na mume, akajenga nyumba yake chumba kimoja baada ya kingine. Mie nilisomea ununuzi na ugavi, yeye ualimu wa Kiswahili na historia. Ijumaa nilikwenda kwenye jumuiya yetu ya Waislamu, Jumapili yeye alikwenda kanisani kwao, na Ramadhani yeye ndiye aliyeniamsha kula daku, maana usingizi wangu ni mzito na yeye alikuwa mtu wa kuamka kabla ya simu kulia.

Kwaya yao ilifanya mazoezi kila jioni kwenye ngazi za ukumbi mkubwa wa mihadhara. Chuoni kwetu mambo yalikuwa mengi. Palikuwa na bonanza za mpira na singeli mpaka masikio yanauma, kampeni za serikali ya wanafunzi, mashindano ya mijadala, na wale wa kucheza drafti ambao hawakuwahi kuonekana darasani. Lakini saa za mazoezi ya kwaya vimbweta vyote vya jirani, zile meza za zege za kujisomea nje, vilijaa. Watu walifungua madaftari wakijifanya wanasoma. Hakuna aliyesoma. Walikuwa wanamsubiri Deme.

Mwalimu wa kwaya alikuwa mwenzetu, Audax, mwanafunzi wa hisabati, mrefu, mwembamba, mwenye lafudhi ya Bukoba ambayo hakujishughulisha kuificha. Alikuwa anatunga mwenyewe. Mwaka wetu wa mwisho ulipoanza alileta wimbo mpya, "Mvua ya Kwanza", wa kumshukuru Mungu baada ya kiangazi kirefu. Kwaya nzima iliimba kwa chini, kama watu wanaotembea kwenye majani makavu, halafu katikati wote wananyamaza na sauti moja inapanda. Hiyo moja ilikuwa ya Demetria. Niliusikia mara ya kwanza nikiwa natoka maktaba, nikakaa kwenye ukingo wa mtaro na baibui langu, sikuinuka mpaka wakamaliza.

"Wimbo huu tunakwenda nao kwenye tamasha," Audax aliwaambia. Alimaanisha tamasha la kwaya za vyuo, ambalo kwaya yetu ilikuwa haijawahi kufika hata kwenye hatua ya mwisho. Mwaka huo walikuwa wamefika.

Uvimbe niliuona mie. Mafundi walikuwa wameleta sare za kitenge, Demetria akawa anajaribu ya kwake chumbani, akaniomba nimfungie kifungo cha shingoni. Kifungo hakikufika.

"Deme, geuka." Akageuka. "Mbona upande huu umejaa?"

Akajishika. "Nimenenepa."

"Mtu hanenepi upande mmoja wa shingo."

Tulicheka, lakini alijitazama kwenye kioo muda mrefu. Wiki ile ile nikamsindikiza hospitali. Walimpiga picha ya shingo, wakamchoma sindano kuchukua vipimo, wakamwambia arudi kusikiliza majibu. Siku ya majibu aliingia kwa daktari peke yake, mie nikabaki kwenye benchi. Alikaa sana. Alipotoka alikuwa ameshika karatasi imekunjwa, anatembea kawaida.

"Kasemaje?"

"Tezi. Watalitoa. Wamenipa tarehe, ni baada ya tamasha."

"Kwa hiyo si jambo kubwa."

"Kama lingekuwa kubwa wangenipa tarehe ya mbali hivyo?" akasema, akaanza kuongelea chakula.

Nikaamini. Mama yake naye alipopigiwa simu akaambiwa hivyo hivyo, hospitali ndiyo imepanga, akaamini.

Siku mbili hivi baadaye Audax alitukuta kimbwetani. Alikuwa amesikia habari za upasuaji kwa mtu, akaja mbio mbio, shati limetoka nje. Aliuliza anaumwa wapi, anaumwa tangu lini. Halafu likamtoka lile alilokuja nalo.

"Deme, nakuomba. Najua afya ni afya. Lakini haiwezekani tamasha lipite kwanza? Lipite tu. Siku ya pili yake mie mwenyewe nakupeleka hospitali."

Demetria alimtazama. Nilidhani atamwambia kwamba tarehe imeshapangwa, hana haja ya kuomba. Hakusema.

"Sawa, mwalimu," akajibu. "Lipite kwanza."

Audax akashusha pumzi kama mtu aliyetua gunia.

Tamasha lilifanyika Temeke, kwenye ukumbi mkubwa ambao feni zake zilikuwa zinazunguka bila kuleta upepo. Nilikaa na Mwalimu Rosalia. Nilikuwa peke yangu niliyevaa baibui katika safu zile, na mama mmoja wa nyuma yetu aliniuliza kwa upole kama nimepotea. Mwalimu Rosalia akamjibu, "Huyu ni mwanangu, kaja kumsikiliza mwenzake."

Walipofika katikati ya wimbo kwaya ikanyamaza, Demetria akapanda. Nimeusikia wimbo ule kwenye ngazi, bafuni, kitandani, hata usingizini. Sikuwa nimeusikia hivyo. Aliimba kama mtu anayemaliza kitu kilichobaki kwenye sahani, bila kuacha hata punje. Pale alipozoea kuvuta neno "mvua", siku ile alilivuta mpaka nikajikuta nimezuia pumzi, na Mwalimu Rosalia akanishika goti.

"Huyu alianza kuimba kabla hajajua kuongea vizuri," akaninong'oneza. Macho yake yalikuwa yamejaa maji. "Baba yake alikuwa akimwita redio."

Walipata nafasi ya tatu. Watu wa kwaya walinuna ndani ya basi kurudi Kibamba, Audax akawa anahesabu makosa ya sauti ya tatu. Demetria hakusema lolote kuhusu nafasi. Aliegemeza kichwa dirishani, amevaa bado kile kitenge ambacho kifungo chake cha juu tulikiacha wazi tukakifunika kwa skafu.

Siku ya upasuaji baba yangu alifunga duka. Alikuja na pikapu ya dukani kutuchukua, ingawa nilimwambia tunaweza kwenda wenyewe. "Huyu mtoto kakuamsha daku miaka mitatu," akasema. "Unataka nimwache apande gari za watu?" Hospitali tulimkuta Mwalimu Rosalia ameshafika, na Audax amekaa mwisho kabisa wa benchi, na mfuko wa machungwa mapajani.

Tulisubiri sana. Baba alikwenda kuswali akarudi. Mwalimu Rosalia alikuwa anasali rozari kimya kimya, vidole vinatembea. Hatimaye daktari akatoka, mwanamke wa makamo, amechoka, kofia ya upasuaji bado iko kichwani. Akamwita mama wa mgonjwa, lakini Mwalimu Rosalia alisema sisi sote ni wa ndani, aseme.

"Tumelitoa tezi lote, mama. Ni saratani, lakini ya aina inayotibika. Atakunywa dawa kila siku maisha yake yote, na kuna matibabu mengine tutampa. Ataishi. Hilo ndilo kubwa."

"Alhamdulillah," baba akasema.

"Kitu kingine ni kwamba uvimbe ulikuwa umeshaukamata mshipa wa fahamu wa upande mmoja, ule wa sauti. Hatukuweza kuutenganisha."

"Maana yake nini?" Mwalimu Rosalia akauliza.

"Maana yake sauti itabadilika. Ataongea, lakini kwa shida. Kuimba..." Daktari akatikisa kichwa polepole.

"Mngewahi, mngeuokoa?"

Daktari hakujua kwamba mama hajui. Akasema tu, kama mtu anayejibu swali. "Ndiyo maana nilimpangia wiki ile ile ya majibu. Mwenyewe aliomba tumsogezee mbele, alikuwa na tamasha. Lakini sitaki kukudanganya, mama. Uvimbe wa namna hii unakua taratibu. Inawezekana kabisa tungeufungua wiki ile tukakuta hivi hivi. Hakuna anayejua."

Nilimwona Mwalimu Rosalia akifunga rozari yake ndani ya ngumi. Halafu Audax akasimama, machungwa yakadondoka na kutawanyika sakafuni.

"Ni mie, mama," akasema. "Mie ndiye niliyemwomba asubiri tamasha lipite."

Mwalimu Rosalia alimtazama kijana yule kwa muda. Hakumtukana. Aliinama, akaanza kuokota machungwa moja moja, akayarudisha kwenye mfuko, akampa.

"Nenda nyumbani, mwanangu," akamwambia. "Nenda tu."

Demetria alikaa Kinyerezi mpaka kidonda kilipofunga. Aliporudi chuoni, ile sauti haikuwepo. Kilichotoka kilikuwa pumzi yenye mkwaruzo, na ukiwa upande wa pili wa meza na feni inafanya kazi, husikii kitu. Daktari alikuwa amemwambia kwamba kwa mazoezi itapata nguvu kidogo, asitegemee zaidi.

Jambo lililonishangaza ni kwamba watu walianza kumwongelesha kwa kelele, kama vile ni yeye asiyesikia. "DEME, POLE SANA!" walimpigia ukelele kwenye foleni ya kafeteria. Yeye alitikisa kichwa. Kwaya walikuja bwenini wote, wakajipanga kwenye korido wakitaka kumwimbia, naye akafunga mlango kwa funguo, akakaa kitandani na mto kichwani mpaka wakaondoka. Jioni, saa ya mazoezi ilipofika, alivaa viatu akatoka kwa geti la nyuma akaenda kutembea huko kwenye viwanja vya watu, hata mvua ikinyesha.

Siku moja alirudi kutoka darasani amevimba kwa hasira. Ilikuwa zamu yake kuwasilisha kazi ya kikundi mbele ya wenzake, na mhadhiri, kwa huruma, alimwambia akae, maksi atapewa.

"Kanisamehe," akaniambia kwa ule mnong'ono wake. "Kanisamehe kama vile nimekufa. Nitafundishaje mie, Maisa? Nani atampa ajira mwalimu asiyesikika?"

Nilimtengenezea chai.

Na mama yake alikuwa hasemi naye. Simu zilipigwa kila siku, lakini zilikuwa za dawa tu: umekunywa, umekunywa saa ngapi, usisahau. Demetria alijibu kwa ujumbe. Aliniambia kwamba siku zote alizokaa Kinyerezi, mama alimpikia, alimwogesha, alimbadilisha kitambaa cha shingo, hakumuuliza hata mara moja kuhusu ile tarehe.

"Afadhali angenipiga," akasema.

Tukakaa hivyo karibu muhula mzima, mpaka Jesca alipogonga mlango. Jesca alikuwa mwaka wa kwanza, msichana mfupi wa Mbeya, sauti yake ya kuongea ndogo kuliko ya kuimba. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda changu, akawa anasokota ncha ya kilemba chake.

"Shikamoo, dada Deme. Nimeona nije nikuambie kabla hujaambiwa na watu. Kaka Audax kaacha kwaya. Katuaga jana. Na kasema Mvua ya Kwanza hatuimbi tena, hata kwenye mahafali yenu. Kwa heshima yako."

Demetria aliinuka. "Kwa heshima ya nani?"

Jesca hakusikia, akanitazama mie.

"Anauliza kwa heshima ya nani," nikamwambia.

"Yako, dada."

Kesho yake mchana Demetria aliniambia nimsindikize akaonane na Audax. "Twende wote. Malori yakipita hatanisikia. Nikishindwa, wewe utasema."

Tulimkuta kimbweta cha mwisho, karibu na uzio, peke yake na karatasi zake za hesabu. Alikuwa amekonda. Alipotuona alisimama, akataka kukusanya vitu vyake aondoke, lakini Demetria alishakaa. Nami nikakaa. Lori la mchanga likapita barabarani. Demetria akaniambia kitu sikioni.

"Anasema uache kumtazama shingo," nikasema.

Audax akainamisha uso. "Samahani."

"Anauliza kwa nini umeacha kwaya."

"Nitafundishaje kwaya, Maisa? Nikiinua mkono tu namsikia yule daktari. Nikimwambia mtu panda, nakumbuka nani alikuwa anapanda." Akamgeukia Demetria. "Mie ndiye niliyekunyang'anya. Kwa nafasi ya tatu. Kila siku nakiambia kichwa changu, kwa nafasi ya tatu."

Nilisubiri Demetria aniinamie tena, nimsemee. Hakuinama. Alitaka kuvuta kiti chake, lakini viti vya zege havisogei, akaishia kusogea yeye, akazunguka meza na kukaa upande wa Audax, karibu kabisa. Mie nilisogea pia kwa kuwa nilitaka kusikia.

"Ulipokuja kuniomba," alisema, na kila neno lilimgharimu pumzi, "tarehe nilikuwa ninayo mfukoni. Nilishaiomba kwa daktari mwenyewe. Alinikatalia, nikamng'ang'ania. Wewe ulikuja baadaye."

Audax hakuelewa mwanzoni. Nami, kusema kweli, tangu hospitali sikuwa nimekaa kuzipanga zile siku, lipi lilitangulia. Halafu nikakumbuka lile benchi la hospitali, karatasi iliyokunjwa, na jinsi alivyobadilisha maneno haraka.

"Kwa hiyo niliomba kitu kilichokuwa kimeshaamuliwa," Audax akasema.

"Ndiyo."

"Sasa kwa nini hukuniambia? Siku ile ile. Ungesema tu, nimeshapanga."

Kuna wanafunzi walikuwa wanapita na mabango ya kampeni, wanamwimba mgombea wao, Demetria akawasubiri wapite.

"Nilikuwa naogopa," akasema. "Daktari aliniambia yote. Nikajua nikiingia pale naweza kutoka sina kitu, na ule wimbo sijauimba mbele za watu hata mara moja. Nikachagua. Lakini nilikuwa nimechagua peke yangu, Audax, na ni kitu kizito. Uliponiomba, nikaona, basi, sasa tuko wawili. Nikakuacha uombe."

"Na hospitalini, niliposimama mbele ya mama yako?"

"Nilikuwa kwenye dawa za usingizi. Maisa kanihadithia baadaye." Alifuta macho kwa nyuma ya kiganja. "Nilipaswa kukutafuta siku hiyo hiyo. Nimekaa na hili muhula mzima nikakutazama unakonda. Nisamehe."

Audax alilia. Alilia kwa sauti, mwanaume mzima, mchana kweupe, na watu wa vimbweta vya jirani wakageuza nyuso zao kando. Demetria alimwekea mkono mgongoni. Mie nilitazama karatasi za hesabu zisipeperushwe.

"Wimbo usiuzike," Demetria alimwambia alipotulia. "Mie sijafa. Mpe Jesca."

"Jesca hawezi kuuimba kama wewe."

"Sijasema auimbe kama mie."

Jumamosi ile alikwenda Kinyerezi peke yake. Alikataa nimsindikize. Alirudi Jumapili jioni, macho mekundu, hakunieleza walisemezana nini na mama yake, nami sikuuliza. Ninachojua ni kwamba wiki hiyo Audax alipigiwa simu na Mwalimu Rosalia, akaongea naye akiwa amesimama nyuma ya maktaba muda mrefu, na jioni yake alikuwa kwenye ngazi za ukumbi, mkono juu, anawaambia sauti ya tatu wamechelewa kama kawaida yao.

Demetria naye alianza kwenda mazoezini. Hakusimama na kwaya. Alikaa ngazi ya chini kabisa. Siku za kwanza Jesca alikuwa akifika kwenye ile sehemu anamtazama yeye, sauti inamfia kooni.

"Usinitazame mie," Demetria alimwita akamwambia. "Watazame hao waliokaa pale na madaftari yao. Na pale nilipokuwa navuta, wewe usivute. Pumzi yangu huna. Una yako."

Jesca akaacha kuvuta. Neno likawa linatoka fupi, kama tone, halafu anaendelea. Tuliozoea la Demetria lilitushtua. Tukiwa tunarudi bwenini nikamuuliza kama mtoto yule anakosea.

"Hakosei," akasema. "Anaimba wa kwake." Tukatembea kidogo. "Inauma, Maisa. Nisikudanganye. Nikiwa pale chini naimba naye ndani kwa ndani, neno kwa neno, halafu nafika pale nataka kuvuta na yeye ameshapita."

Mahafali ya kwaya yalifanyika Jumamosi moja mchana, kabla ya mitihani ya mwisho, katika ukumbi mdogo unaotumika kama kanisa la chuo. Wazazi walialikwa. Mwalimu Rosalia alikuja amevaa gauni la kitenge na kilemba kirefu, akakaa safu ya tatu kati yangu na Demetria. Walipeana mikono na Audax, akamwita mwanangu. Hotuba zikasomwa, keki ikakatwa, wahitimu wakaitwa mbele mmoja mmoja. Jina la Demetria lilipoitwa ukumbi ulisimama, yeye akaenda, akapokea cheti chake, akarudi kukaa haraka.

Halafu Audax akatangaza Mvua ya Kwanza.

Nilihisi mwili wa Mwalimu Rosalia ukikakamaa pembeni yangu. Kwaya ikaanza chini. Wakanyamaza. Jesca akasogea hatua moja mbele, akafungua mdomo, na kabla hajamaliza mstari wa kwanza Mwalimu Rosalia alikuwa ameshainuka, mkoba kwapani, anapita mbele ya magoti ya watu kutafuta mlango. Demetria akamfuata. Nami nikawafuata mpaka mlangoni, nikasimama hapo, mguu mmoja ndani na mmoja nje.

Mama alikuwa amesimama kando ya tangi la maji, ameshika ukuta. Demetria alimfikia, hakumgusa.

"Siwezi," Mwalimu Rosalia akasema. "Ule wimbo mie siwezi kuusikiliza kwa mtu mwingine. Mtoto wa watu hana kosa, anaimba vizuri, lakini siwezi. Mnisamehe."

"Hata mie siwezi, mama."

"Sasa kwa nini ulikubali uimbwe?"

Demetria alisogea karibu, maana ndani kwaya ilikuwa imeingia tena na sauti yake isingesikika.

"Kwa sababu niliuchagua," akasema. "Nilitoa sauti yangu kwa ajili yake, mama. Na wenyewe ukifa, nitakuwa nimetoa bure."

Mwalimu Rosalia alimtazama binti yake. Aliinua mkono, akamrekebisha kola, pale kovu linapoanzia, taratibu, kama anavyovalishwa mtoto anayekwenda shule.

"Ungeniambia," akasema. "Ningekukatalia, lakini ungeniambia."

"Najua, mama."

"Ningekuja kwenye tamasha nikijua. Ningesikiliza kwa namna nyingine."

Demetria akaanza kulia, na mama yake akamshika kichwa, akakilaza begani. Wakakaa hivyo. Ndani ubeti wa pili ulikuwa umeisha, wanaelekea mwisho.

"Turudi," Demetria akasema. "Bado kidogo tu. Turudi tumalizie."

Nikawapisha mlangoni. Hawakwenda kukaa kwenye viti vyao; walisimama nyuma, kwenye ukuta, wameshikana mikono, na Jesca akaimba mpaka mwisho. Mwalimu Rosalia hakupiga makofi. Lakini kwaya iliposhuka alikwenda kwa yule msichana, akamshika mashavu yote mawili, akamwambia kitu kilichomfanya Jesca apige goti.

Sasa hivi Demetria anafundisha Kiswahili katika shule ya sekondari ya watu binafsi huko huko Kinyerezi. Anavaa spika ndogo kiunoni na kipaza sauti mdomoni, na sauti imepata nguvu kidogo, ingawa mkwaruzo uko pale pale na jioni inamwisha kabisa. Kwenye kwaya hajarudi. Audax alipangiwa kazi mkoani, hutuma salamu sikukuu zikifika. Mie niko dukani na baba. Nikienda kumtembelea Demetria tunakaa nje na mama yake, tunamenya ndizi, tunaongea mambo ya kawaida, na siku nyingine jirani akifungulia redio nyimbo za kwaya, wote watatu tunanyamaza mpaka wimbo uishe, halafu Mwalimu Rosalia ananiuliza kama chai imenikolea sukari.